Ofisi haiko Ulaya, sheria ya Ulaya inanifuataje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nauza bidhaa mtandaoni, sina ofisi Ulaya ila wateja wengine wako huko. Juzi mmoja kaniandikia eti nimpe taarifa zake zote nilizonazo halafu nizifute, kataja GDPR. Inanihusu kweli au ananitisha tu?

JIBU: Hakutishi ndugu yangu, inawezekana kabisa inakuhusu. Hii sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi ilianza kutumika 25 Mei 2018, na ibara ya 3 inasema hata kampuni ya nje inabanwa ikiwa inawauzia watu walioko ndani ya Umoja au inafuatilia mienendo yao huko. Yaani haiangalii ofisi yako iko wapi, inaangalia mteja yuko wapi. Sasa usipaniki, mtu wa kule kuweza kufungua tovuti yako tu haitoshi, wanaangalia kama umewalenga, mfano umeweka bei kwa euro, unapokea oda kwa lugha zao, unataja wateja wa huko. Ukijiona humo basi ndo hivyo, umo.

Kuhusu ombi lenyewe, una mwezi mmoja wa kujibu, ukiona ni gumu unaweza kujiongezea miezi 2 lakini lazima umwambie mapema, ndani ya ule mwezi wa kwanza, na nakala ya kwanza unampa bure. Ila kabla hujatuma chochote hakikisha ni yeye kweli! Ukiwa na shaka sheria inakuruhusu kumwomba uthibitisho, maana ukimtumia tapeli data za mteja umeshazalisha kesi nyingine. Na kufuta si lazima ufute kila kitu, unachokihitaji kwa madai ya kisheria unaweza kubaki nacho, mwambie tu wazi umebakiza nini na kwa nini.

Faini inafika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya dunia nzima, kile kilicho kikubwa. Meta, wenye Facebook, walipigwa euro bilioni 1.2 Mei 2023 kwa kupeleka Marekani data za watumiaji wa Ulaya. Wewe hufiki huko, faini inapimwa na uzito wa kosa, lakini malalamiko ya mteja mmoja uliyempuuza yanatosha kufunguliwa faili. Mjibu.

SWALI: Bosi wetu anataka programu ya akili bandia isome nyuso zetu kwenye mikutano ya video, ijue nani kachoka nani kakasirika. Tuna wenzetu walioko Ujerumani. Inaruhusiwa?

JIBU: Kwa hao wa Ujerumani, hapana. Sheria ya Ulaya ya akili bandia imepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za mtu kazini tangu 2 Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za kiafya au usalama, na bosi kutaka kujua nani kanuna si usalama hata akiibatiza hivyo. Adhabu yake ni nzito kuliko ya GDPR, hadi euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo, ingawa kampuni ndogo zinahesabiwa kile kilicho kidogo. Nyie mlioko nje ya Ulaya itategemea sheria za mlipo, ila kabla hajalipia hiyo programu mpelekeeni hili jibu kwa maandishi, na mwanasheria wa kampuni naye apate nakala.