Kwa Mnaoanza Wodini: Presha Isiyoshuka na Figo Inayonyimwa Damu

Mtakutana na mgonjwa ambaye presha yake haishuki hata kwa dawa tatu, na jambo la kwanza litakalowajia ni kumuuliza kama anazimeza. Muulizeni, lakini mfikirie pia mishipa ya figo zake. Mwaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alionyesha kwamba akiibana kwa kibanio ateri inayopeleka damu kwenye figo ya mbwa, presha ya mnyama huyo hupanda, ingawa figo yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote.

Figo hupokea takribani humusi ya damu yote inayosukumwa na moyo, ila haina habari na presha mnayoipima mkononi. Inahisi ile inayoifikia yenyewe. Ateri yake ikiwa nyembamba, huchukulia kuwa mwili umepungukiwa damu, ikamwaga renini. Renini hukata protini itokayo kwenye ini na kupata angiotensini ya kwanza, ambayo kimeng'enya kilichojaa katika mishipa ya mapafu huigeuza kuwa ya pili. Hiyo ya pili hukaza mishipa mwilini kote, tena huzichochea tezi zilizo juu ya figo kutoa aldosteroni, inayorudisha chumvi na maji na kuipoteza potasiamu kwenye mkojo.

Mlolongo huo niliukariri nikafaulu mtihani, kisha ukanipita mbele ya macho. Mzee mmoja, mvutaji sigara wa miaka mingi, nilimwanzishia enalaprili, dawa ya presha inayokizuia kimeng'enya hicho kutengeneza angiotensini ya pili. Presha ikashuka, nikaridhika, wala sikuagiza kipimo cha kreatinini, taka ya damuni ambayo hupanda figo zikishindwa kuchuja. Alirudi baada ya wiki mbili mkojo umepungua, miguu imevimba, kreatinini imezidi maradufu. Ateri zake zote mbili zilikuwa zimesinyaa. Angiotensini ya pili hubana zaidi kimshipa kinachotoa damu kwenye chujio la figo, kama mtu anavyobana mdomo wa mpira wa maji ili nguvu ibaki ndani, na mimi nilikuwa nimemwondolea kibano hicho. Tulipoisimamisha dawa, figo zilianza kupata nafuu.

Kwa hiyo pimeni kreatinini na potasiamu kabla ya dawa za jamii ya enalaprili, mrudie kuvipima ndani ya wiki moja hadi mbili. Kreatinini ikipanda kwa zaidi ya asilimia 30, tafuteni sababu kabla ya kuendelea. Wekeni pia stethoskopu juu ya kitovu, kushoto na kulia, msikilize mvumo wa damu inayopita penye ateri nyembamba, ingawa usiposikika haimaanishi ateri ni nzima.

Kipimo cha renini nacho msikiamini kupita kiasi. Ateri moja ikibanwa, figo nzima ya upande wa pili huendelea kutoa chumvi, na renini hubaki juu; zikibanwa zote mbili, chumvi na maji hukosa pa kutokea, damu hujaa mishipani, na renini inaweza kurudi kwenye kiwango cha kawaida huku presha ikiwa bado juu.