Maji kabla ya ugali: kuishi na mfuko wa chakula uliopunguzwa

Upasuaji wa kupunguza uzito huchukua saa moja hadi mbili au tatu. Kazi inayobaki ni ya jikoni, nayo haiishi. Wagonjwa wengi huuliza sana kuhusu kisu na kidogo mno kuhusu kikombe cha maji, ilhali ukosefu wa maji ni miongoni mwa mambo yanayowarudisha watu hospitali mara nyingi katika wiki za mwanzo.

Kwanza ujue umefanyiwa upasuaji wa aina gani, sliivu au baipasi, maana ushauri hutofautiana. Katika sliivu, daktari hupitisha kamera na vyombo kwenye matundu madogo kama matano, hukata mfuko wa chakula kwa urefu na kuondoa asilimia 75 hadi 80. Kinachobaki ni mrija wenye umbo la ndizi, unaobeba mililita 100 hadi 150. Katika baipasi hutengenezwa kifuko cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele kidogo, kwa hiyo chakula huruka sehemu ya njia yake ya kawaida na virutubisho vingi hupita bila kufyonzwa. Puto linaloingizwa kupitia mdomoni na kutolewa baada ya miezi kadhaa si upasuaji, na haya tunayoandika hapa hayalihusu yote.

Maandalizi ya chakula huanza wiki mbili kabla ya upasuaji. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta na hulalia mfuko wa chakula. Likiwa nene, daktari hapati nafasi ya kupita. Ndiyo maana utaambiwa uache ugali, wali, mkate, sukari na vya kukaanga, ubaki na samaki, mayai, maziwa yasiyo na mafuta na mboga za majani. Wanaokula "mlo wa mwisho wa kuaga" usiku wa kuamkia upasuaji hujihatarisha bure, kwani mfuko wenye chakula wakati wa dawa ya usingizi unaweza kumwaga chakula hicho kwenye mapafu. Sigara iachwe mapema, wiki sita au zaidi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni mtajie daktari, kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda.

Sasa maji. Lengo ni lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, lakini mfuko mpya haupokei glasi. Pima vijiko vikubwa viwili, yaani mililita 30, unywe kwa mafunda madogo kila baada ya dakika 15. Ukifanya hivyo kwa saa 14 unazokuwa macho, utakuwa umefikisha kama lita 1.7. Weka kengele ya simu, kwa sababu kiu haitakukumbusha vya kutosha. Usitumie mrija wa kunywea, maana unaingiza hewa, na soda iache kabisa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au ukikojoa mara mbili tu kutwa, umeshachelewa kunywa. Chakula kigumu kikianza, maji na chakula visikutane: acha kunywa dakika 30 kabla ya kula, kisha subiri dakika 30 baada ya kula.

Chakula hupanda ngazi taratibu. Siku moja au mbili za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa. Hadi mwisho wa wiki ya pili ni vya kunywa: maziwa, mtindi mwepesi usio na sukari, uji mwepesi uliochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vilivyosagwa kwa blenda mpaka visiwe na punje: samaki na mchuzi wake, maharage yaliyomenywa maganda, dengu, yai laini. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini vya kupondwa kwa uma. Vya kawaida hufuata kuanzia wiki ya saba au ya nane. Daktari wako akikupa ratiba tofauti, fuata yake, kwa sababu yeye ndiye anayejua mshono wako ulivyo.

Ugali, wali, chapati na mkate laini ndivyo vinavyowasumbua watu wetu kuliko vyote. Vikitafunwa hurudi kuwa donge, na donge hukwama. Dalili zake ni kifua kubana, mate kujaa mdomoni, halafu kutapika povu. Ikitokea, usisukume kwa maji. Simama, tembea polepole, subiri lishuke au lirudi lenyewe. Nyama kavu ya kuchoma hufanya vivyo hivyo. Tafuna kila tonge mara 20 hadi 30 na utumie dakika 20 hadi 30 mezani. Anayekula sinia moja na familia amege sehemu yake kwenye kisahani mapema, la sivyo atafuata mwendo wa mikono ya wenzake.

Protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na huliwa kwanza kabla ya kitu kingine chochote sahanini. Hesabu yake ni rahisi: yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa cha mililita 250 gramu 8, samaki aliyepikwa gramu 100 ana zaidi ya 20, na gramu 10 za dagaa wakavu waliosagwa zina kama 6. Unga wa dagaa ukichanganywa kwenye mchuzi uliosagwa ni msaada mkubwa na bei yake ni nafuu. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 30, yanaongeza gramu 10 kwenye uji. Protini ikipungua, mwili hula misuli yake. Nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita huwapata wengi hata wanaokula vizuri, na kwa kawaida huota tena, ila wasiokula protini na wenye upungufu wa madini ya chuma huteseka zaidi.

Katika siku kumi za mwanzo, hesabu mapigo ya moyo asubuhi na jioni kwa dakika nzima ukiwa umetulia. Yakizidi 120, au ukipata homa ya nyuzi 38, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, au kuhema kwa shida, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda mshono unavuja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma huenda ni damu iliyoganda. Maumivu ya bega siku ya kwanza au ya pili mara nyingi ni gesi iliyotumika kupandisha tumbo, nayo huisha kwa kutembea. Yakiambatana na homa au mapigo ya kasi, usiyabeze. Wanaokwenda India au Uturuki wasikate tiketi ya kurudi siku ya tano. Uvujaji mwingi hujitokeza katika siku hizo hizo, na safari ndefu ya kukaa kitako huongeza hatari ya damu kuganda.

Kutapika mfululizo siku mbili au tatu ni dharura, na hapa tunaomba usikilize kwa makini. Akiba ya thiamini, yaani vitamini B1, mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Mgonjwa aliyetapika muda mrefu akifika zahanati akatundikiwa dripu ya glukosi peke yake, glukosi hiyo humaliza thiamini iliyobaki na ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Mwambie mhudumu: thiamini ya sindano kwanza, glukosi baadaye. Kuona viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba hali imeshafika pabaya.

Vitamini ni za maisha yote, hata baada ya sliivu. Kwa kawaida huhitajika vitamini ya mchanganyiko kila siku, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 iliyogawanywa mara mbili au tatu, vitamini D, madini ya chuma, na B12 ya vidonge au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Chuma na kalsiamu vipishane saa mbili. Chai pia iwe mbali na chuma, kwani huzuia kufyonzwa kwake. Damu ipimwe mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka.

Dawa za maumivu za dukani zichunguzwe. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuleta vidonda tumboni, hasa pale kifuko kilipounganishwa na utumbo kwa aliyefanyiwa baipasi. Parasetamoli ni salama zaidi. Mwenye kisukari asirudi kwenye dozi yake ya zamani ya insulini bila kupimwa, maana sukari hushuka ndani ya siku chache. Dawa za presha nazo hupunguzwa na daktari mapema.

Kwa aliyefanyiwa baipasi, juisi ya miwa, soda au tende kadhaa kwa mkupuo huleta mapigo ya kasi, jasho na kuhara ndani ya dakika 10 hadi 30. Saa moja hadi tatu baadaye sukari inaweza kuanguka. Wakati wa Ramadhani hilo ni muhimu sana. Wapasuaji wengi huwazuia wagonjwa kufunga katika miezi ya mwanzo, baadhi mwaka mzima, kwa sababu lita moja na nusu haiingii kati ya futari na daku kwenye mfuko mdogo. Zungumza na daktari na sheikh wako kabla mwezi haujaandama.

Wanawake waliokosa hedhi kwa miaka hushangaa uzazi unaporudi haraka. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya majira havitegemewi baada ya baipasi. Kitanzi au kipandikizi ni bora.

Kuhusu kilo, chukua mtu wa kilo 120 na urefu wa mita 1.65. Uzito unaozidi kiwango chake ni kilo 52 hivi. Sliivu kwa wastani huondoa karibu asilimia 60 ya hiyo ziada katika mwaka mmoja hadi miwili, yaani kilo 31, na atasimama kwenye 89. Anayetarajia 60 atavunjika moyo bure. Wiki ya tatu mizani mara nyingi husimama kabisa. Acha kujipima kila siku, endelea na protini na kutembea.

Mwisho, andika karatasi ukae nayo kwenye pochi: aina ya upasuaji, tarehe, simu ya hospitali, "asipewe diklofenaki wala ibuprofeni", na "thiamini kabla ya glukosi". Nakala moja mpe anayeishi nawe.