Mthamini si mdhamini

Msomaji wetu wa Tabata anauliza: "Mwalimu wa kozi ya Kiingereza anasema th ya 'think' ni sighuna, lakini ya 'this' ni ghuna. Ikiwa zote zinaandikwa th, nitazitambuaje?"

Mwandiko wa Kiingereza hautakusaidia sana. Weka vidole kwenye kikoromeo, kisha uivute th ya "think": koo litatulia, pumzi ikipenya kati ya ulimi na meno. Vuta sasa ile ya "this", ambayo ndiyo dh yetu, nawe utahisi mtetemo wa nyuzi za sauti, ambao ndio ghuna, ingawa ulimi haujahama. Ndiyo tofauti ile ile inayotenga z na s, au v na f. Waingereza wa kale walikuwa na herufi mbili, þ na ð, lakini walizitumia ovyo bila kujali ghuna. Kwa hiyo shika hili: maneno madogo ya kisarufi kama "the", "they" na "then" huanza kwa dh, isipokuwa "through", ambalo ni kaidi; nomino na vitenzi kama "thumb" na "think" huanza kwa th, na "bath" ikigeuka kitenzi "bathe", koo hutetema.

Lakini Mwingereza ana udhuru, kwa kuwa sauti zote mbili kaandikiwa namna moja. Sisi tunaoandika dh mbali na th mbali, tuna udhuru gani wa kuandika "dhamani"?

Neno hili limenichosha. Limo kwenye kadi za harusi ("uwepo wako una dhamani kubwa kwetu"), limo kwenye makundi ya WhatsApp, na Kariakoo nimesoma ukutani mwa duka moja, kwa rangi nyekundu: "Tunawadhamini wateja wetu." Mwenye duka alikusudia kusema kwamba anawathamini, yaani anawaona wa maana, alichoandika ni kwamba yuko tayari kuwasimamia. Mteja wake akifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa kosa lolote, ana haki ya kulitaja duka hilo, na mwenye duka aende na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho chake mkononi, kwa sababu mdhamini ndiye amwekeaye mtu dhamana. Mthamini ni mtu mwingine kabisa: huyo huja na futi kamba na daftari, akapima nyumba yako kabla barabara haijapita juu yake, akakadiria fidia utakayolipwa. Mmoja anahatarisha mali yake na mwingine anakadiria yako. Hata kwa asili hawana undugu, maana thamani na dhamana ni maneno ya Kiarabu yenye mizizi miwili tofauti.

Nadhani chanzo ni woga. Waliochekwa kwa kusema "zambi" na "zahabu" waliamini kwamba dh ndiyo sauti ya wastaarabu, wakaimwaga kila mahali, hata tukapata msemaji anayetangaza kwamba taarifa "haijadhibitishwa", ilhali kuithibitisha habari ni jambo moja na kuidhibiti ni jingine, ambalo pengine ndilo analolifanya.

Ajabu ni kwamba yule anayesema "samani", ambaye mjini hapa ndiye kichekesho, ana kosa dogo zaidi. S ni sighuna kama th. Ulimi wake umekosea mahali, koo limetii. Ndivyo alivyo pia anayesema "sink" kwa "think" na "zis" kwa "this": ghuna kaiweka panapostahili. Huyo namvumilia, ingawa akiniambia kwamba nyumba yake ina samani kubwa nitaingia nikitafuta makochi.

Najua pia wapo watakaokimbilia kunisahihisha kwamba, kwa mantiki hii, tuandike "mathubuti". La hasha. Neno hilo ni madhubuti, kwa dh, la mzizi mmoja na dhibiti, wala halina deni lolote kwa thabiti. Liacheni.