Kagua jaribio kabla ya kulaumu kipande: kwa wanaoanza kupima vifaa vya anga

Ukiingia maabara ya majaribio ukitokea chuoni, kazi ya kwanza utakayokabidhiwa huenda ikawa kukaza boliti. Usinune. Jigi inayoshika kipande juu ya meza ya mtetemo ndiyo inayoamua kama matokeo yako yatakuwa na maana, na wengi wanaokuja na shahada nzuri ya uhandisi wa mitambo hawajawahi kuiwazia. Jigi ikiwa dhaifu, itatetemeka kwa resonansi yake yenyewe, yaani itatetemeka kupita kiasi kwenye frikwensi yake ya asili, ndani ya frikwensi zile zile unazozipima, kwa kawaida hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 2,000. Katika frikwensi fulani kipande kitapigwa kwa nguvu ambayo hukuipanga, na katika nyingine hakitaguswa sawasawa. Ukisoma grafu bila kulijua hilo, utamlaumu msanifu bure.

Kwa hiyo jigi itetemeshwe kwanza ikiwa tupu. Kisha, kipande kikishafungwa, anza na mtetemo wa kuchunguza: nguvu ndogo isiyoweza kuumiza kitu, ikipita frikwensi zote kutoka chini hadi juu. Andika vilele vya resonansi viko wapi. Fanya jaribio lenyewe, halafu rudia uchunguzi ule ule. Tuseme kilele kilichokuwa hezi 180 kimeshuka hadi 165. Kwa macho kipande ni kizima, lakini ikiwa uzito haujabadilika, ugumu wake umepungua kwa asilimia 16 hivi. Kuna kitu kimelegea au kimepasuka. Ziweke grafu hizo mbili moja juu ya nyingine kabla hujagusa spana, kwa sababu ukishafungua boliti ya kwanza hutajua tena kama ulegevu ulikuwemo au umeuleta wewe.

Mtambo wenyewe pia usiuamini upesi. Machi 2000, satelaiti ya HESSI ya NASA, iliyotengenezwa kuchunguza jua, ilikuwa kwenye meza ya mtetemo huko JPL, maabara ya NASA iliyoko California. Ilitakiwa ipate takriban g 2, yaani mara mbili ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ikapata karibu mara kumi ya hapo. Meza ilikuwa na hitilafu ya kimitambo, inakwama kwa msuguano, na mfumo wa kudhibiti, uliopima mwitikio kwa nguvu ndogo, ukahesabu kwamba unahitaji kusukuma zaidi. Meza ilipoachia, nguvu zote zikaishia kwenye satelaiti. Ilirushwa Februari 2002, badala ya Julai 2000 iliyokusudiwa. Ndiyo sababu kabla ya kupandisha mezani kifaa kitakachoruka kweli, tunapandisha kipande cha chuma au chochote chenye uzito unaofanana nacho, tunapiga kiwango kizima, tunaona kama meza inatii. Ni kazi ya kuchosha na meneja wa ratiba ataichukia. Ifanye.

Kuna aina nyingine ya udanganyifu, iliyo ngumu zaidi kuiona: jaribio linalofanyika vizuri kwa mpangilio mbaya. Ndege za Comet za Uingereza zilipoanguka mwaka 1954, wahandisi walishangaa, maana sehemu ya bodi ilikuwa imejazwa na kuondolewa shinikizo zaidi ya mara 16,000 kabla ya kupasuka. Lakini sehemu hiyo hiyo ilikuwa imetumika kwanza kwa jaribio la nguvu, ikabebeshwa takriban mara mbili ya shinikizo la kawaida. Mzigo huo mkubwa ulinyoosha kidogo metali kwenye kona na matundu, na ulipoondolewa ukaacha mbano unaochelewesha ufa wa uchovu, yaani ufa unaoletwa na mzigo unaojirudia mara nyingi. Jaribio la kwanza liliimarisha sampuli ya jaribio la pili. Bodi ya ndege iliyokuwa imeruka kweli, ilipowekwa kwenye tangi la maji huko Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, ilipasuka baada ya safari 3,000 hivi, ukijumlisha za angani na za tangini. Ukipewa sampuli, uliza imepitia nini kabla ya kukufikia wewe. Wakikuambia ni mpya, omba karatasi zake.

Na vipimo viwili vikipingana, usichague unachokipenda. Kioo cha darubini ya Hubble kilisuguliwa kwa kufuata kifaa cha kupimia ambacho lenzi yake ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Vifaa vingine viwili vilionyesha kasoro. Vikapuuzwa kwa kuwa vilihesabiwa havina usahihi wa kile kikuu.

Sasa takwimu, ambazo wageni wengi huzikimbia. Ukitaka kusema kwamba kifaa kinategemeka kwa asilimia 90, ukiwa na uhakika wa asilimia 90, unahitaji sampuli 22 na zote zifaulu. Ukitaka asilimia 99 kwa uhakika ule ule, unahitaji 230. Hakuna atakayekupa satelaiti 230. Utapewa moja, pengine mbili. Kwa hiyo tunanunua uhakika kwa njia nyingine, yaani kwa kuzidisha ukali. Katika kiwango cha NASA kinachoitwa GEVS, kifaa kisichozidi kilo 22.7 hupokelewa kwa mtetemo wa nasibu wa g 10.0 rms (rms ni aina ya wastani wa nguvu ya mtetemo) kwa dakika 1 kila mhimili, lakini muundo wake huthibitishwa kwa g 14.1 rms kwa dakika 2. La kwanza linasaka makosa ya fundi, la pili linahoji usanifu. Usiyachanganye, na usikubali kuambiwa kwamba kifaa kimoja kilichofaulu la pili ni takwimu. Ni ushahidi, tena mzuri, lakini mtu akikuuliza asilimia ngapi, huna. Mchoro wa Weibull, unaokadiria vifaa vitaishi muda gani kabla ya kufeli, nao utakupendeza sana siku ya kwanza. Usiweke humo boliti zilizokatika na beringi zilizokwama kwenye mstari mmoja, kwa kuwa utapata namba safi isiyoeleza chochote.

Chemba ya ombwe, yaani chumba kilichoondolewa hewa, itakula usiku wako, hilo nalisema tu ujiandae. Subiri kipande chenyewe kifikie joto, si kuta za chemba. Vitu vinavyojongea, kama bawaba na antena za kukunjuliwa, vijaribiwe ndani ya ombwe na si hewani peke yake. Antena kuu ya Galileo, chombo cha NASA kilichokuwa kikielekea Jupita, ilikataa kufunguka mwaka 1991. Uchunguzi ulielekeza kwenye kilainishi kikavu kilichosuguka, na sehemu ya msuguano huo ilitokana na safari za lori kati ya California na Florida. Hewani vyuma hivyo vingeweza kuteleza, ombweni viling'ang'aniana. Safari ya lori nayo ni mazingira ya kupimiwa. Weka kihisi cha mtetemo ndani ya kasha.

Siku kitu kikifeli, chumba kitajaa watu, na mmoja atauliza kama si kihisi kilichokosea. Huenda kweli ni kihisi, hutokea sana. Basi lithibitishwe: hamisha kihisi, kagua waya, onyesha. Kinachokatazwa ni kurudia jaribio mpaka lifaulu na kuripoti mara ya mwisho tu. Kutoka hapo hadi kubadili namba si mbali. NASA ilieleza mwaka 2019 kwamba satelaiti zake mbili, OCO iliyorushwa 2009 na Glory iliyorushwa 2011, hasara ya zaidi ya dola milioni 700, zilipotea kwa sababu ya alumini iliyokuja na vyeti vya majaribio vilivyoghushiwa.

Kabla ya kuhamisha chochote, piga picha, hifadhi data ghafi na si grafu pekee, na weka alama ya kalamu kwenye kila boliti na mahali ilipokaa. Pima torki (nguvu ya kuzungusha) ya kufungulia. Andika namba ya kila kihisi, mahali kilipobandikwa na tarehe ya mwisho ya kuhakikiwa. Atakayezihitaji ni mtu usiyemjua, mwenye chombo kinacholeta matata angani na kisichoweza kurudishwa mezani, anayetaka kujua kama kile kilele cha hezi 165 kiliwahi kuonekana hapa ardhini.