Picha Safi, Sauti Hakuna

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeletewa TV ya chogo kutoka Uingereza. Nimeiunga na king'amuzi kwa waya wa antena. Rangi ziko sawa kabisa, ila badala ya sauti nasikia mvumo tu. Fundi anasema spika imekufa. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Spika inayovuma haijafa, usiinunulie nyingine. Katika analojia, yaani utangazaji wa kabla ya dijitali, sauti husafiri kwenye masafa yaliyo juu kidogo ya yale ya picha, na pengo hilo halikuwa moja duniani. Kenya ilitumia mfumo wa TV uitwao PAL B/G, wenye pengo la megahezi 5.5. Uingereza ilitumia PAL I, pengo 6.0. Mistari ya picha (625) na rangi ni zilezile, ndiyo maana macho hayaoni kasoro. King'amuzi chako kinatoa B/G, nayo TV inaitafuta sauti mahali ambapo haipo.

Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, tafuta sehemu ya RF (mawimbi yanayopita kwenye waya wa antena), badilisha BG iwe I. Chagua chaneli kati ya 21 na 68, kwa kuwa TV nyingi za Uingereza hupokea masafa ya UHF pekee, kisha itafute upya kwenye TV. Kama king'amuzi hakina chaguo hilo, achana na waya wa antena. Tumia waya wa AV wenye vichwa vitatu, na adapta ya SCART (tundu pana la pini nyingi) nyuma ya TV. Adapta ikiwa na swichi, iweke IN. Wengi huiacha OUT, wakaambulia kiza.

SWALI: Mkanda wa harusi ya dada yangu umetoka Marekani. Kwenye deki yangu picha inaruka na haina rangi. Nataka kuuhamishia kwenye kompyuta. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapa tofauti ni kubwa zaidi. NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, una mistari 525 na nusu-picha karibu 60 kwa sekunde. PAL ina 625 na 50. Deki ya PAL tupu haiuwezi mkanda huo.

Deki iliyoandikwa "NTSC Playback on PAL TV" itauonyesha kwenye TV nyingi, lakini kwa kompyuta usiitegemee. Inatoa mchanganyiko: mistari 525 yenye rangi ya PAL, na vifaa vingi vya kunasia video huupokea bila rangi. Tafuta deki inayotoa NTSC 3.58 halisi (3.58 ni megahezi za rangi yake), kisha weka programu ya kunasia video kwenye NTSC, 720×480, fremu 29.97. Deki ikiwa ya Marekani ya volti 120, tumia transfoma ya kushusha umeme. Ya wati 100 inatosha. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, utaunguza pawasaplai yake.

SWALI: Mkanda wangu wa Ufaransa unaonyesha picha tulivu, lakini nyeusi na nyeupe. – Msomaji, Bukavu

JIBU: Huo ni SECAM, mfumo wa TV wa Ufaransa: mistari 625 na nusu-picha 50 kama PAL, ila rangi imefungwa kwa njia nyingine. Tafuta deki iliyoandikwa SECAM. Iliyoandikwa MESECAM pekee (namna nyingine ya kurekodi SECAM kwenye mkanda) haitakupa rangi za mkanda huo.