Maswali na majibu: saini ni halali, haya, na mwenye ufunguo je?

Tovuti ya programu inaniambia nibandike amri ya curl kwenye terminali, ipakue hati (faili la amri) na kuiendesha papo hapo kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi. Ni salama?

Swali hili haliishi kuletwa, na jibu ni lile lile: hapana. Ipakue hati kwanza, isome, ndipo uiendeshe. Ukiona uvivu kusoma, angalia hazina ya mfumo wako, yaani ghala lake la programu. Mara nyingi programu hiyo imo tayari, na apt au dnf, zana za kusakinisha programu kwenye Linux, itakuletea masasisho bila wewe kumpa mgeni mamlaka yote ya mashine.

Apt inalalamika NO_PUBKEY, yaani haina ufunguo wa kukagulia saini ya hazina. Nizime ukaguzi wa saini?

Usithubutu. Na aliyekushauri uandike trusted=yes, yaani apt iamini bila kukagua, usimsikilize tena.

Nimelinganisha SHA-256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili) ya ISO (faili la kusakinishia mfumo) na ile iliyo kwenye ukurasa wa kupakulia. Zinafanana. Nimemaliza?

Umejua tu kwamba faili halikuharibika njiani. Aliyeuvamia ukurasa hashindwi kubadili na alama yake. Februari 2016 tovuti ya mfumo wa Linux Mint ilivamiwa, viungo vikaelekezwa kwenye ISO yenye mlango wa siri. Kagua saini ya GPG, yaani saini ya kidijitali ya mtoaji, tena kwa ufunguo ulioupata kwingine. Kuchukua ufunguo palepale ulipochukua faili ni kumuuliza mshukiwa kama ndiye mwizi.

Ikiwa kila kifurushi kina saini halali, niogope nini?

Mwogope mwenye ufunguo. Aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia mradi wa xz, programu ya kubana faili, karibu mwaka 2021, kwa bidii na adabu, huku akaunti nyingine zikimsakama mtunzaji aliyechoka, asiyelipwa, apate msaidizi. Akapewa ruhusa ya kutoa matoleo. Mwaka 2024 akatoa 5.6.0 na 5.6.1 zenye mlango wa siri wa kuingilia seva za SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali), zikiwa na saini yake, halali kabisa. Kipande cha kuuwasha mlango huo hakikuwemo kwenye Git, ghala la wazi la msimbo. Kilikuwa ndani ya faili la tar, furushi la msimbo wa toleo, ambalo ndilo wapakiaji (wanaotengeneza vifurushi vya Linux) walizoea kulichukua. Machi mwaka huo Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Toleo la majaribio la Debian, mfumo mmojawapo wa Linux, lilikwisha kuupokea. Lile imara lilinusurika.

Wala msiniandikie kwamba ujenzi unaorudufika, yaani kila anayekompaili (anayegeuza msimbo kuwa programu) apate faili lile lile hadi biti ya mwisho, ungetuokoa. Ukianza na tar yenye sumu, wote mnajenga sumu ile ile. Naupenda, lakini wapakiaji wajenge kutoka Git, na kampuni zinazochuma kwa programu hizi ziwalipe watunzaji wake.

Maktaba ya npm (hazina ya msimbo wa JavaScript) yenye vipakuo mamilioni si ya kuaminika?

Vipakuo vingi ni vya roboti za ujenzi, yaani mashine zinazojenga programu zenyewe. Maktaba ya event-stream ilikuwa na mamilioni pia, hadi mwaka 2018 mtunzaji alipoikabidhi kwa mtu asiyemjua aliyejitolea kusaidia. Huyo akaiongezea tegemezi (maktaba nyingine inayoihitaji), flatmap-stream, lililowinda pochi za bitcoin za programu ya Copay. Kwa hiyo tazama nani anaishika sasa, na tangu lini. Hifadhi package-lock.json, faili linaloorodhesha matoleo kamili, kwenye Git, tumia npm ci inayosakinisha yale yale, na usikimbilie toleo lililotoka leo asubuhi isipokuwa linaziba tundu la usalama.