Kabla hujaushikia mkasi mepo mchanga

Mepo wa Kijapani (maple), mti mdogo wa mapambo, unaouzwa vitaluni huku Uingereza mara nyingi ni kijiti chembamba kama penseli, chenye majani mazuri kupita kiasi. Ukishaufikisha nyumbani, mkono unawasha: unataka uupogoe leo leo ufanane na bonsai, yaani mti unaofupishwa na kutunzwa chunguni, ya kwenye picha. Kwanza angalia shina. Je, unene wake unakutosha? Kama haukutoshi, weka mkasi chini.

Shina la mepo hunenepeshwa na matawi marefu yaliyoachwa yakue. Ukikata kila chipukizi tangu mwanzo, miaka inapita na kijiti ni kilekile, ila sasa kimejaa vitawi. Uhamishie mti ardhini au kwenye chombo kikubwa, kisha chagua tawi moja la chini liwe la kafara. Liache lirefuke hata likikuudhi kwa ubaya wake. Shina likishanenepa ndipo unaliondoa. Kile chungu bapa cha kuvutia ulichokinunua kitasubiri, tena kwa miaka.

Kuna kazi moja tu isiyofaa kuahirishwa. Macho ya mepo, yaani vichipukizi vinavyoanza, hutoka mawili mawili yakitazamana kwenye kila kifundo, na penye kifundo kilichowahi kukatwa yanaweza kuzuka matawi matatu au manne mahali pamoja. Ukiyaacha yote, pale patavimba na shina litakuwa nene juu kuliko chini, kasoro inayosumbua sana kurekebisha. Kwenye shina bakiza tawi moja kila kifundo, ukipishanisha kushoto na kulia. Kwenye matawi, vitawi viwili kila kifundo vinatosha.

Majira nayo yana uzito wake. Kuanzia mwisho wa baridi hadi majani yafunguke, jeraha kubwa hutiririsha utomvu. Matawi manene mimi huyakata mwezi Julai, majani yakiwa yamekomaa, maana jeraha hufunga upesi. Marekebisho madogo hungoja Novemba, majani yakishapukutika na mifupa ya mti ikionekana yote. Ziba jeraha kwa dawa yake, na ufute mkasi kwa spiriti kabla ya kuugusa mti mwingine: kuvu aina ya verticillium huingia kwenye mishipa ya mti, na hakuna dawa ya kuuponya.

Wengi hupenda ile kazi ya masika ya kutoa kile kichipukizi laini katikati ya jozi ya kwanza ya majani. Kweli hufupisha pingili, ile sehemu iliyo kati ya kifundo na kifundo, lakini pia huuchosha mti. Ni kazi ya mti uliokwisha kupata shina na matawi makuu, na uwe na afya. Hapo anzia kileleni, kwa sababu nguvu nyingi hukimbilia juu. Kiyohime, aina mojawapo ya mepo wa Kijapani, ni tofauti: hupenda kutanuka pembeni, na kilele chake ni dhaifu, kwa hiyo kionee huruma.

Waya? Siupendi sana kwenye mepo. Gome ni laini, na Mei na Juni tawi hunenepa haraka hadi waya unazama na kuacha alama ya miaka. Ukiutumia, uwe wa alumini na uukague kila wiki. Mimi huelekeza kwa mkasi: nakata juu kidogo ya jicho linalotazama upande ninaotaka tawi liende, kisha nangoja. Ni polepole, lakini mikunjo yake huonekana ya asili kuliko ya waya.

Na mti ukae nje mwaka mzima, penye kivuli cha mchana na pasipo upepo mkali, la sivyo ncha za majani huungua. Sebuleni hauishi, kwa kuwa unahitaji usingizi wa baridi. Ndiyo maana wanaoniuliza kutoka Dar au Mombasa huwaambia waachane na mepo, watafute mti wa jamii ya mkuyu: huko haudai baridi, na huvumilia mkasi vizuri sana.